Henry Moseley: Aliyezipa elementi nambari zake

Mwanafunzi wa kemia anayeitafuta sodiamu katika jedwali la elementi huikuta na nambari 11. Nambari hiyo humjulisha kwamba atomu yake ina protoni 11 katika kiini, na elektroni 11 zinazokizunguka katika mizingo mitatu: mbili, nane, kisha moja. Ndiyo maana sodiamu imo katika mstari wa tatu, safu ya kwanza.

Aliyethibitisha maana ya nambari hizo ni Henry Moseley, Mwingereza aliyeuawa vitani akiwa na umri wa miaka 27 pekee.

Moseley alizaliwa mjini Weymouth mnamo Novemba 23, 1887. Babake, mtaalamu wa elimu ya wanyama, alifariki mwanawe akingali mdogo. Kijana huyo alisomea Eton na Chuo Kikuu cha Oxford, kisha mwaka wa 1910 akajiunga na maabara ya Ernest Rutherford jijini Manchester.

Enzi hizo elementi zilipangwa kwa uzito wa atomu, kufuatia jedwali la Mrusi Dmitri Mendeleev la mwaka wa 1869. Mpango huo ulikuwa na dosari. Nikeli ni nyepesi kuliko kobalti, ilhali tabia zake zilidai iwekwe nyuma ya kobalti.

Mnamo 1913, Moseley alizipiga elementi kwa elektroni na kupima miale ya eksirei iliyotoka. Miale hiyo hutokea elektroni ya mzingo wa ndani inapong'olewa, na nyingine ya mzingo wa nje ikashuka kuijaza nafasi hiyo. Aligundua kuwa mitetemo ya miale iliongezeka ngazi kwa ngazi, ikifuata chaji ya kiini wala si uzito. Kobalti ikawa ya 27, nikeli ya 28. Nafasi za 43, 61 na 75 zilibaki tupu, naye akatangaza kuwa zina wenyewe. Ya mwisho kati ya hizo, 61, ilipatikana mwaka wa 1945.

Moseley hakuyashuhudia hayo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, alijiunga na jeshi kwa hiari. Mnamo Agosti 10, 1915, akiwa afisa wa mawasiliano huko Gallipoli, Uturuki, alipigwa risasi kichwani akafa.

Alikuwa ametafiti kwa miaka michache tu. Leo jedwali lina elementi 118, na zote zimepangwa kwa nambari alizozithibitisha.