Imam Ghazali na ile noti bandia

Mwezi uliopita, nikifunga hesabu za duka, nilikuta noti bandia ya shilingi 10,000. Kijana ninayefanya naye kazi akanishauri niipenyeze kwa mteja wa usiku, taa zikiwa hafifu. Nakiri, ndugu msomaji, nilishawishika. Ile ilikuwa faida yangu ya siku nzima.

Aliyenizuia ni Imam Abu Hamid al-Ghazali, Allah amrehemu. Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) katika mji wa Tus, Khurasan, ambako leo ni Iran. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alisoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nidham al-Mulk akamteua kufundisha Madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Huko aliichambua falsafa ya kina Ibn Sina, akaikosoa katika Tahafut al-Falasifa, lakini mantiki yake hakuitupa.

Mwaka 1095 nafsi ikamsuta. Aliona anafundisha kwa ajili ya cheo na sifa. Ulimi ukamgoma darasani. Akaacha mshahara na heshima, akaenda Damascus, Quds na Makka. Huko al-Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka ahadi ya kutopokea tena fedha za watawala.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeandika Ihya Ulum al-Din, yenye vitabu 40, na kimojawapo ni cha adabu za kuchuma riziki. Humo anawakemea wanaohodhi chakula wakingoja bei ipande, na wanaoficha kasoro za bidhaa. Kisha anatofautisha mambo mawili. Uadilifu, yaani kutomdhulumu mtu, kwake ni mtaji tu. Ihsani, kama vile kumpa muda mdaiwa aliyekwama, ndiyo faida.

Kuhusu dirham bandia hoja yake ni nzito. Mwizi huiba mara moja, dhambi ikaishia hapo. Anayepitisha pesa bandia, dhuluma yake huzunguka mkono kwa mkono, hata baada ya yeye kuzikwa. Kwa hiyo anashauri itupwe kisimani.

Imam alifariki Tus mwaka 505 Hijria (1111). Mimi sina kisima. Noti ile niliichanachana mbele ya kijana wangu. Akaguna. Je, wewe ndugu yangu, ya kwako ungeifanyaje?

Wallahu aalam.