Edward Steere na Sikio la Mwanafunzi wa Lugha
Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alipowasili Unguja mwaka 1864 alikuwa msomi wa sheria mwenye miaka 36, lakini kwa Kiswahili alikuwa sawa na mtoto wa darasa la kwanza. Kamusi kubwa ya Krapf haikuchapwa hadi 1882. Basi aliwaendea Waunguja wamsimulie hadithi, nyingine akiziandika kutoka vinywani mwao. Hadithi, tukumbuke, hurudia maneno. Hapo ndipo sikio changa hupata pumziko. Zilichapwa mwaka 1870. Alifanywa askofu mwaka 1874, akafariki Unguja mwaka 1882. Hapa Ijuganyondo wapo watoto wanaoingia darasani na Kihaya chao, nasi huwapa imla kabla ya kuwasimulia hata hadithi moja.