Sakichi Toyoda, mzee aliyefundisha mashini kusimama

Hapa Bukavu, ukisema motokari, wengi wanafikiri kwanza Toyota. Lakini mzee wa ile jamaa hakutengeneza motokari hata moja. Kazi yake ilikuwa mashini za kufuma nguo.

Sakichi Toyoda alizaliwa Japani mwaka 1867, mtoto wa seremala. Kijijini aliona akina mama wanafuma kwa mikono, kazi ya kuchosha. Njo akaanza kuchonga mashini ya mbao, na mwaka 1891 serikali ikamupa brevet yake ya kwanza. Kisha alitengeneza mashini inayotembea kwa nguvu ya mvuke.

Shida ilikuwa moja: uzi ukikatika, mashini inaendelea paka kufuma, na kitambaa kinaharibika. Mutu alipaswa kusimama pale kuichunga siku muzima. Sakichi akatafuta dawa: uzi ukikatika, mashini isimame yenyewe. Mwaka 1924 kazi ilikamilika, na mufanyakazi mumoja akaweza kuchunga mashini mingi. Mwaka 1929 Waingereza wa Platt Brothers walinunua haki ya kuitengeneza, pauni 100.000. Sakichi alikufa mwaka 1930. Mwana wake Kiichiro njo aliingia katika motokari, na kampuni ya Toyota ikazaliwa 1937.

Wazo la mzee halikufa. Katika viwanda vya Toyota, mufanyakazi akiona kosa anavuta kamba, kazi inasimama, na haazibiwi juu ya ile. Wanauliza "kwa nini" mara tano, mpaka mizizi ionekane. Leo wanaouzia viwanda vya motokari vipande wanaombwa kufuata kanuni inayoitwa IATF 16949, ya mwaka 2016: kipande kijulikane kimetoka wapi, na kibaya kisivuke mulango.

Sisi tuko mwanzo wa ile njia. Kasiterite yetu inatoa bati ya kulehemu, koltani inaingia ndani ya elektroniki ya motokari. Etiketi ya mufuko ina kanuni zake, lakini swali ni lile lile: hii imetoka shimo gani? Mufuko mumoja wa uongo ukipita, mununuzi anaweza kukataa yote ya kariere, na mchimbaji anarudi nyumbani mikono mitupu. Basi anayesema "simamisha, hii mufuko si ya hapa" asifukuzwe. Yeye njo anachunga chakula ya wenzake.