Louis Braille, Mwana wa Fundi wa Ngozi

Wanachama wetu waendao kutazama wagonjwa majumbani, Kangemi, Kawangware na Dagoretti, hurudi mara nyingi na neno moja tu: katika nyumba ile yumo kipofu. Neno hilo hufunika mambo mengi. Mzee mwenye mtoto wa jicho huitwa kipofu, ingawa kupasuliwa katika Hospitali ya Kikuyu kwaweza kumrudishia nuru yake. Mama ambaye presha ya jicho imeua mshipa wake wa kuonea huitwa kipofu vilevile, na kwake yeye kilichopotea hakirudi. Kinachowezekana ni kulinda kilichosalia. Hata mtoto mwenye ualbino, asomaye kwa kusogeza kitabu karibu na pua, hupewa jina hilo hilo. Madaktari wao humhesabu kuwa kipofu yule ambaye kwa jicho lake lililo bora, hata akivaa miwani, hawezi kuhesabu vidole kwa umbali wa mita 3.

Basi katika taarifa ya mwaka huu tumeona yafaa kueleza maisha ya mtu aliyekuwa kipofu kabisa, ambaye jina lake hutajwa kila siku na watoto wasiojua kuwa lilikuwa jina la mtu.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka mji wa Paris, karibu kama kutoka Thika kuja Nairobi. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mwaka wa 1812, mtoto akiwa na umri wa miaka 3, alishika msharasi wa baba yake, yaani chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi, akajaribu kuiga kazi. Msharasi uliteleza ukamchoma jicho.

Lilichomwa jicho moja tu. Hapo twamwomba msomaji asimame kidogo. Jicho lile liliingia uchafu, likavimba, kisha la pili nalo likashikwa. Alipofikia miaka 5 hakuona tena. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu. Leo madaktari wajua kwamba jicho lililotobolewa laweza kulitia uvimbe jicho zima, hata baada ya majuma au miezi kupita, na tiba ipo ikiwa mgonjwa amefikishwa mapema. Hata hivyo, miongoni mwetu wangali wapo wazazi ambao mtoto akichomwa na mwiba au waya humtia maji ya majani, au husema jicho la pili lipo, na angoje.

Wazazi wa Louis hawakumficha ndani. Walimpeleka shule ya kijiji pamoja na wenzake, naye akajifunza kwa masikio. Mwaka wa 1819 alipokewa katika shule ya vipofu ya Paris, iliyoanzishwa na Valentin Haüy. Vitabu vya shule hiyo vilipigwa chapa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vilikuwa vizito na vichache, na mwanafunzi alipapasa herufi moja moja kwa taabu. Kuandika kwa njia hiyo hakuweza. Haüy alikuwa mtu mwema, hatumlaumu. Lakini aliona kwa macho, akadhani kipendezacho macho kitavifaa na vidole.

Mwaka wa 1821 Charles Barbier, aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi, aliiletea shule maandishi ya nukta. Kila alama yaweza kuwa na nukta hata 12, nazo zilionyesha sauti, si herufi. Louis alitambua kasoro yake upesi: ncha ya kidole haiwezi kufunika nukta 12 kwa mguso mmoja. Alizipunguza zikawa 6. Mwaka wa 1824, akiwa na miaka 15, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha, na mwaka wa 1829 ilichapishwa. Nukta hizo 6 zatoa alama 63, zitoshazo herufi, tarakimu na hata muziki. Herufi w haikuwamo katika mpango wa kwanza kwa kuwa Wafaransa hawakuihitaji. Iliongezwa baadaye, nje ya utaratibu wa nyingine. Pasipo hiyo sisi tusingeweza kuandika watu wala mwalimu.

Louis akawa mwalimu katika shule ile ile, na mpiga kinanda kanisani. Wanafunzi waliyapenda maandishi yake, lakini mkuu aliyeshika uongozi mwaka wa 1840 hakuyataka, kwa kuwa walimu wenye macho hawakuweza kuyasoma. Vijana wakaendelea kuandikiana kwa siri. Uchungu wa habari hii ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kubuni, mwaka wa 1839, njia ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta ili vipofu waweze kuwaandikia wenye macho.

Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, akiwa na miaka 43. Shule yake iliyakubali maandishi hayo rasmi mwaka wa 1854, yeye akiwa kaburini.

Hapa kwetu Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika mwaka wa 1946, na chama cha Kenya Society for the Blind kiliundwa kwa sheria mwaka wa 1956. Baadaye Shule ya Msingi ya Kilimani, Nairobi, ikawapokea watoto wasioona katika madarasa ya wenzao waonao. Mashine ya kuandikia ina vitufe 6, kimoja kwa kila nukta, lakini bei yake huwashinda wazazi wengi; kwa hiyo wengi huanza na kibao na sindano. Karatasi ya kawaida hutoboka. Inayotakiwa ni ile nene, nayo ndiyo tunayowaomba wanachama waichangie mwaka ujao.