Sir John Murray na Vumbi la Mbinguni

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake ni Sir John Murray, mjuzi wa bahari. Alizaliwa Kanada tarehe 3 Machi, 1841, wa wazazi Waskoti, na alipokuwa kijana akaenda Scotland kwa babu yake. Katika chuo cha Edinburgh alisoma yale aliyoyapenda, akakataa mitihani, akatoka bila shahada. (Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wasimwige katika hilo!)

Mwaka 1872 alipanda meli ya Challenger, iliyozunguka bahari za dunia miaka mitatu na nusu ikipima vina na kuzoa matope ya chini. Mimi ningalichagua samaki wa ajabu. Murray alijitia katika matope. Katika udongo mwekundu wa kilindini, mbali na nchi kavu, alitumia sumaku, nayo ikanasa punje nyeusi za mviringo, ndogo mno. Zimetoka wapi? Hapo ndipo penye mashaka, kwa maana milima ya moto nayo hutupa punje nyeusi zinazonaswa na sumaku. Sisi wa Cyangugu, tulio na Nyiragongo huko ng'ambo ya kaskazini ya Kivu, twafahamu shida hiyo.

Basi yeye na Renard, Mbelgiji mjuzi wa mawe, walizivunja na kuzitia maji ya mrututu. Viini vyake vikavikwa shaba, dalili ya chuma kitupu. Tena walikuta nikeli na kobalti, kama ilivyo katika vimondo vya chuma mfano wa kile cha Mbozi, Tanzania. Mwaka 1884 wakatangaza kwamba vumbi hilo limetoka nje ya dunia.

Vumbi hilo huanguka kila mahali, hata juu ya mabati yetu. Lakini hapa kila masika mvua huporomosha udongo wa vilima hadi ziwani, na punje ya mbinguni hupotea humo. Murray alitambua kwamba kilindini udongo huongezeka polepole mno. Siku hizi twajua ni kadiri ya milimita moja kwa miaka elfu. Twajua pia kwamba punje hizo hutoka katika nyota zenye mkia na mawe yanayolizunguka jua, na kwamba zilipata mviringo kwa kuyeyuka zilipopita hewani. Hata zimepatikana, ndani ya vimondo vingine, punje zenye umri kupita jua lenyewe, zilizotoka katika nyota za kale.

Murray alisimamia vitabu 50 vya safari ile hata vikaisha mwaka 1895, kisha akapima maziwa ya Scotland. Alikufa tarehe 16 Machi, 1914, motokaa ilipopinduka karibu na Edinburgh.