Noor Inayat Khan: Uzao wa Tipu Sultan uliokufa na siri za Waingereza

Miaka michache iliyopita walimu wa madrasa moja jijini Dar es Salaam waliniomba nije nizungumze na wanafunzi wao wa kike siku ya mahafali. Walitaka nichague mwanamke mmoja wa Kiislamu katika historia nimweleze. Bibi Khadija na Bibi Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yao) nilijua wameshasomeshwa vya kutosha, nikaona niwapeleke mahali wasipopatarajia. Nikawasimulia kisa cha Noor Inayat Khan, jasusi wa Waingereza aliyeuawa na Wajerumani wa Hitler mwaka 1944.

Nilipomaliza, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Akataka kujua, ikiwa babu yake Noor aliuawa na Waingereza, vipi yeye akaenda kufa kwa ajili ya Waingereza hao hao. Ukumbi ukanyamaza. Nilimpa jibu la haraka haraka ambalo mimi mwenyewe halikuniridhisha, na nilimwona usoni kuwa na yeye halikumridhisha. Haya ninayoandika leo ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile.

Nianze na huyo babu. Tipu Sultan alikuwa mtawala wa Mysore, kusini ya India. Alipigana na Waingereza karibu maisha yake yote, na tarehe 4 Mei, 1799 waliuvunja ukuta wa mji wake wa Srirangapatna wakamuua humo humo akiwa na silaha mkononi. Katika uzao wake, upande wa kike, ndimo alimotoka Inayat Khan, baba yake Noor, mwanamuziki mkubwa wa Baroda na murid wa tariqa ya Chishtiyya. Mwaka 1910 Inayat aliondoka India kwenda nchi za Magharibi, huko akapiga muziki na kufundisha usufi. Usufi wake ulipokea watu wa kila dini, na wapo masheikh waliomhoji kwa hilo hadi leo. Alimuoa Mmarekani aliyeitwa Ora Ray Baker, ambaye baada ya ndoa akaitwa Ameena Begum.

Noor alizaliwa Moscow tarehe 1 Januari, 1914, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Familia ikahamia London, kisha Ufaransa, na mwaka 1922 ikapata nyumba Suresnes, pembezoni mwa Paris, waliyoiita Fazal Manzil. Mwaka 1926 baba alirejea India, na Februari 1927 akafariki Delhi, akazikwa jirani na kaburi la Nizamuddin Auliya. Mama aliugua kwa huzuni akawa hatoki chumbani. Msichana wa miaka 13 akawa ndiye mama wa nyumba ile, anapika na kuwalea wadogo zake.

Alikua mpole, mwenye haya, mpiga kinubi na veena. Alisoma elimu ya saikolojia ya watoto pale Sorbonne, akawa anaandika hadithi za watoto zilizosomwa redioni Paris. Mwaka 1939 kilitoka kitabu chake cha hadithi ishirini za Jataka, za Kibudha, kuhusu wanyama wanaojitoa mhanga kwa ajili ya wenzao. Baba yake aliwafundisha wasimdhuru kiumbe, wala wasiseme uongo hata kidogo. Haya mawili msomaji ayaweke akilini.

Juni 1940 Ufaransa ikaanguka. Noor na kaka yake Vilayat walikaa wakajadili. Waliona kuwa kuwatazama Manazi wakiwaangamiza Mayahudi na kuikanyaga nchi iliyowalea, wakasema wao ni watu wa amani, ni kujificha nyuma ya dini. Wakavuka bahari kwenda Uingereza, na Novemba mwaka huo Noor akajiunga na jeshi la anga la wanawake, akafundishwa simu ya upepo.

Hapa pana jambo ambalo wengi wanaomsifia Noor katika magazeti yetu hulificha. Katika karatasi za jeshi alijiandikisha kwa jina la Nora, na penye dini akajaza Kanisa la Uingereza. Inasemekana alitaka kuepuka maswali mengi. Wapo watakaoniambia basi huyo si wetu, makala iishie hapa. Mimi sina mizani ya kupimia moyo wa mtu aliyekufa, na Aliyemuumba anamjua zaidi. Lakini sitaficha fomu ile ili nipate shujaa msafi wa kumpamba.

Sasa nirudi kwenye swali la binti. Mwaka 1942 Noor aliitwa mbele ya maafisa kuhojiwa kwa ajili ya kupandishwa cheo. Ulikuwa mwaka ambao Gandhi, Nehru na Maulana Abul Kalam Azad, aliyekuwa rais wa Congress, walitiwa ndani kwa kuwataka Waingereza waondoke India. Maafisa wakamuuliza Noor yuko upande gani. Mwingine yeyote anayetaka cheo angelijua la kujibu. Yeye akawaambia wazi kwamba maadamu vita vinaendelea atakuwa mwaminifu kwao dhidi ya Ujerumani, lakini vita vikiisha huenda akasimama na nchi yake India dhidi yao. Alitoka mle akiamini amekwisha kuharibu kila kitu.

Hakuharibu. Waliokuwa wakimtafuta walihitaji mtu anayezungumza Kifaransa kama mzaliwa na anayejua simu ya upepo. Julai 1940 serikali ya Churchill iliunda idara ya siri iliyoitwa SOE. Hii haikuwa idara ya kusikiliza na kuandika ripoti tu, kazi yake ilikuwa hujuma. Novemba 1942 watu wake pamoja na wapiganaji wa Kigiriki walilipua daraja la reli la Gorgopotamos. Februari 1943 Wanorway waliofunzwa nayo waliharibu mtambo wa maji mazito pale Vemork, maji yaliyohofiwa kuwasaidia Wajerumani kutengeneza bomu la atomiki. Ilikuwa Yugoslavia, ilikuwa Burma na Malaya. Huko Burma tusisahau kuwa walikuwako pia vijana wetu wa KAR, akiwamo Abdulwahid Sykes, aliyerudi na kuwa mstari wa mbele katika TAA na harakati zilizozaa TANU. Wazee wale nao walivaa sare ya mfalme kisha wakarudi kumtoa. Kwa hiyo jibu la Noor mbele ya maafisa wale si geni kwetu kama tunavyodhani.

Katika mafunzo Noor aliwatia walimu wake mashaka makubwa. Inasimuliwa kuwa akiwa mazoezini kwa baiskeli alisimamishwa na polisi, akaulizwa anafanya nini, naye akamwambia kuwa anajifunza ujasusi. Katika mahojiano ya kuigiza ya Gestapo alitetemeka mpaka sauti ikapotea. Ripoti ya mwisho ilisema hafai kupelekwa. Mkuu wa kitengo cha Ufaransa, Maurice Buckmaster, aliipuuza ripoti ile kwa kuwa wapiga simu ya upepo walikuwa haba.

Usiku wa tarehe 16 Juni, 1943 ndege ndogo ikamshusha Ufaransa. Akawa mwanamke wa kwanza mpiga simu ya upepo kupelekwa na Uingereza katika Ufaransa iliyokaliwa. Jina lake la kazi lilikuwa Madeleine, na vyeti vyake vya bandia vilimtaja kuwa ni Jeanne-Marie Renier, mlezi wa watoto. Hakumaliza wiki mbili, mtandao mkubwa wa Paris aliotumwa kuuhudumia ukavunjwa, kiongozi wake Francis Suttill akakamatwa, na wengi wakafuatia. London ikamwagiza arudi. Akakataa, maana akiondoka Paris haitakuwa na mtu wa kuzungumza na London.

Fikiria kazi yenyewe. Mtambo uko ndani ya sanduku la kilo kama 15, unautembeza mjini penye vizuizi. Ukifika nyumba ya mtu unatandaza waya mrefu dirishani, unapiga ujumbe kwa dakika chache, kabla magari ya Wajerumani yanayonusa mawimbi hayajafika. Ilihesabiwa kuwa mpiga simu huko hudumu wiki sita. Noor, msichana aliyetetemeka mazoezini, alidumu zaidi ya miezi mitatu, akibadili nyumba na rangi ya nywele.

Katikati ya Oktoba 1943 aliuzwa. Mwanamke mmoja alishitakiwa kwa hilo Paris mwaka 1949 akaachiwa. Aliyekuja kumkamata aling'atwa mkono. Wakamfungia makao yao, Avenue Foch namba 84. Akajaribu kutoroka kupitia dirisha la bafuni akarudishwa, Novemba akapitia paani pamoja na wafungwa wawili, wakanaswa. Wakamtaka atie saini kuwa hatatoroka tena. Akakataa, maana kwake kutia saini ni ahadi. Hans Kieffer, mkuu wa mahali pale, alikiri baada ya vita kuwa hawakupata lolote kinywani mwake.

Lakini walipata daftari lake. Noor alikuwa akihifadhi nakala za ujumbe wote aliopeleka, pamoja na maneno ya siri, jambo ambalo jasusi halifanyi. Baadhi ya waandishi wanasema aliyaelewa vibaya maelekezo ya wakubwa zake. Vyovyote iwavyo, Wajerumani waliutumia mtambo wake wakajifanya ndio yeye, na London ikadanganyika kwa miezi. Mwisho wa Februari 1944 maajenti wengine walirushwa kwa mwavuli, wakatua mikononi mwa Wajerumani. Mmoja wao alikuwa msichana wa Kifaransa aitwaye Madeleine Damerment.

Noor alipelekwa gereza la Pforzheim, Ujerumani, akafungwa minyororo mikono na miguu, peke yake, miezi kumi. Septemba 1944 akahamishiwa kambi ya Dachau pamoja na wanawake watatu. Asubuhi ya tarehe 13 wakauawa wote wanne kwa risasi. Mmoja wa hao watatu alikuwa ni Damerment yule. Noor alikuwa na miaka 30. Miili ilichomwa, kwa hiyo hana kaburi la kuzuru.

Ufaransa ilimpa nishani ya Croix de Guerre mwaka 1946, na Aprili 1949 Uingereza ikampa George Cross. Mama yake alifariki mwezi uliofuata. India ilikwishapata uhuru wake tangu 1947, na upande ambao Noor angesimama baada ya vita ulibaki katika maneno yale aliyowaambia maafisa. Sanamu yake iliwekwa Gordon Square, London, Novemba 2012.

Binti yule hakuridhika, kama nilivyosema. Alinifuata nje ya ukumbi, swali lake likawa jingine kabisa. Aliniuliza iwapo Damerment alijua, asubuhi ile, kwamba alinaswa kwa sababu ya daftari la mwenzake aliyekuwa ubavuni mwake. Nilimwambia hilo hakuna aliyebaki hai wa kulisimulia.