Elijah Masinde: Nabii aliyefungiwa Mathari

ELIJAH Masinde, mwanasoka wa Kimilili aliyeichezea Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930, aliitwa mwendawazimu na wakoloni. Mwaka 1945, baada ya kuongoza waumini wa Dini ya Msambwa kupinga amri za serikali, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, iliyosimamiwa na Daktari J.C. Carothers. Alikaa humo miaka miwili.

Kosa lake, tukipima sawasawa, lilikuwa namna yake ya kuhesabu wakati. Kwa wakoloni, vita vya Chetambe vya 1895 vilikuwa vimekwisha. Masinde, alipoachiliwa mwaka 1947, aliwakusanya maelfu ya watu papo hapo ngomeni kuwaomboleza Wabukusu waliouawa, kana kwamba damu yao ingali mbichi. Kama huo ni wazimu, basi uliambukiza tarafa nzima.

Mwaka 1948 alikamatwa tena akahamishiwa Lamu, kisiwa kilichokuwa kimewapokea wafuasi wa Mumbo kutoka Kisii yapata 1920. Alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Serikali huru nayo ikaipiga marufuku dini yake mwaka 1968. Alifariki mwaka 1987.